Oili moja, kazi tatu: shajara ya pikipiki ya CG 125, Uyole

Pikipiki ni ya Kichina, cc 125, injini ya mtindo wa Honda CG125, ule ulioanza kuuzwa mwaka 1976 ukiwa na vijiti vya kusukuma valvu. Naitumia kubeba viazi na maziwa kati ya Isyonje na Uyole, mlima na mteremko, mara nyingi na mzigo mzito nyuma. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye injini kama hii afuate zilizofaulu na aziruke zile zilizonigharimu. Kilomita nimezisoma kwenye dashibodi, bei ni za shilingi, za Mbeya mjini.

4 Mei 2024, km 31,420: Kuanza

Nimeinunua ikiwa imeshatembea kwa mtu. Nina malalamiko mawili. Injini ikiwa baridi nyutro inapatikana vizuri, lakini ikishachemka, baada ya nusu saa hivi ya kazi, haipatikani kabisa. Unasimama kumsubiri mteja, unapandisha gia, unashusha, unaruka kutoka ya kwanza hadi ya pili na kurudi, taa ya kijani haiwaki mpaka uzime injini. Pili, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo hadi mguu unausikia.

Kila niliyemuuliza alinijibu kwa neno moja: oili. "Weka oili nzuri ya gia, hayo yote yataisha." Nikaamini. Nikamwaga iliyokuwemo. Ilikuwa nyeusi tii, nyepesi kama chai ya rangi, na zilitoka mililita 700 badala ya 900.

Kwa asiyeifahamu injini hii, "oili ya gia" peke yake haipo hapa. Lita moja ile ile inalainisha pistoni na kranki, inapita kati ya meno ya gia, na pleti za klachi zinaogelea ndani yake. Gari la gia za mkono lina oili ya injini mahali pake na ya giaboksi mahali pake, na klachi yake inafanya kazi kavu. Hapa vyote vitatu vinakula sahani moja, na kila kimoja kina matakwa yake. Nililijua hilo kwa maneno, ila sikuwa nimekaa nikalifikiria.

Shemeji yangu alikuwa na galoni la oili ya gari, 5W-30 sintetiki, limebaki na lita mbili na kitu. Ni oili nzuri kwa gari lake. Nikawaza kwamba kama inaitunza injini ya gari la mamilioni, ya pikipiki itaitunza zaidi. Nikaweka mililita 900.

Gharama: hakuna.

11 Mei, km 31,655

Mabadiliko makubwa. Kiki nyepesi asubuhi, gia zinaingia kama zimepakwa siagi, injini haina kelele. Nyutro ya moto bado inasumbua, ingawa si kama mwanzo. Wiki hii nimewasifia wenzangu wawili oili hii. Baadaye ilibidi niwapigie simu kuwaomba wasiiweke.

19 Mei, km 31,890: Klachi imeanza kuteleza

Nilikuwa napanda kuelekea Isyonje, gia ya tatu, nyuma debe nne za mbolea. Kwenye mwinuko mkali nikaongeza resi. Injini ikalia kwa sauti ya juu, spidi ikabaki pale pale. Nikapunguza, ikashika. Nikaongeza, ikalia tena bila kuvuta. Nikashuka gia ya pili, nikafika juu kwa kubembeleza. Niliposimama palikuwa na harufu kama ya breki za lori lililoshuka mlima.

Kitu cha kwanza cha kuangalia klachi ikiteleza ni waya, maana hauna gharama. Ncha ya mkono wa klachi iwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Wangu ulikuwa na 15. Waya hauna kosa.

25 Mei, km 31,930: Pleti mpya, oili ile ile

Fundi alifungua upande wa kulia, akatoa pleti za zamani. Hazikuwa zimeisha sana, ila zilikuwa zimepiga weusi na kung'aa. Akaweka seti mpya ya pleti tano.

Hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa la mradi mzima, na nataka lisomwe vizuri. Oili ilikuwa na kilomita 510 tu. Niliona ni uharibifu kuimwaga. Nikaikinga kwenye karai safi, nikaichuja kwa kitambaa, ikarudi ndani. Fundi aliniuliza, "Una uhakika, kaka?" Nikamjibu kwamba bado ni mpya. Upya wake haukuwa swali.

Pleti 18,000, gasketi 3,000, fundi 10,000. Jumla 31,000.

2 Juni, km 32,120: Imerudi

Siku nne za kwanza ilishika vizuri. Ya tano ikateleza kidogo kwenye gia ya nne, na leo imeteleza hata kwenye barabara ya tambarare pale Igawilo, bila mzigo. Pleti zina kilomita 190. Pleti mpya haziishi kwa kilomita 190, kwa hiyo nikaacha kuangalia klachi, nikaanza kuisoma oili.

Nyuma ya galoni la shemeji kuna duara la API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Nusu ya juu imeandikwa SN, katikati 5W-30, na nusu ya chini imeandikwa "Resource Conserving". Maneno hayo ya chini ndiyo yaliyoniumiza. Maana yake oili imepimwa ikaonekana inaokoa mafuta ya gari, na njia mojawapo ya kufika hapo ni viongezo vya kupunguza msuguano, kama vile vyenye molibdenamu. Kwenye injini ya gari ni faida tupu. Kwenye klachi inayoogelea katika oili hiyo hiyo, msuguano ndio unaobeba viazi mpaka juu. Ukiupunguza, pleti zinateleza, zikiteleza zinapata moto, na zikipata moto zinang'aa na kuteleza zaidi.

Wajapani waliliona tatizo hili zamani, oili za magari zilipoanza kufanywa nyepesi na telezi zaidi. Mwaka 1998 wakatoa kiwango cha oili za pikipiki za viharusi vinne (four-stroke, kama yangu), JASO T 903. Wanaweka oili kwenye mashine yenye pleti za klachi na kupima mambo matatu: pleti zinavyoshikana zikiwa zinateleza, zinavyoshikana zikiwa zimetulia, na zinachukua muda gani kusimamisha mzunguko. Zenye mshiko wa kutosha zinapewa MA, na zenye msuguano mdogo zinapewa MB. Tangu 2006 MA imegawanywa mara mbili: MA1, na MA2 yenye mshiko mkubwa zaidi.

MB si oili mbaya. Ni ya skuta zile za kukaa miguu pamoja, ambazo klachi yake ni kavu, na gia zake za nyuma zina oili yao kidogo kwenye kisanduku chao. Mwenye skuta akiweka MB yuko sawa. Mwenye CG akiweka MB anajitafutia safari ya kwangu.

Wenzangu stendi waliniambia, "Mimi naweka oili ya gari miaka yote na klachi haijawahi kuteleza." Wanasema kweli. Nikawaomba makopo yao niyaangalie, na yote yalikuwa 20W-50. Alama ile ya kuokoa mafuta inahusu oili nyepesi, zinazoishia na 30 au 20. 20W-50 ya gari kwa kawaida haina, ndiyo maana wengi wanapona. Wanapona kwa sababu ya uzito waliouzoea, na siku watakapopewa galoni la 5W-30 kama mimi, uzoefu huo hautawasaidia.

8 Juni, km 32,135: Kufungua mara ya pili

Safari hii nilikaa na fundi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kumwaga na kufungua sina la kueleza. Yaliyobaki nayaeleza, kwa sababu ndani tulikuta mambo matatu ambayo tungeyaona tarehe 25 Mei kama tungeangalia.

La kwanza ni uchafu. CG haina chujio la karatasi. Ina wavu chini, na kwenye ncha ya kranki kuna kikombe kinachozunguka nayo. Uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda humo. Kifuniko chake kina skrubu tatu. Ndani kulikuwa na tope jeusi, unene wa karibu nusu sentimita. Tulilikwangua kwa kijiti cha mwanzi, tukaosha kwa petroli. Kama umenunua pikipiki kwa mtu, fungua kikombe hiki kabla ya kununua oili ya bei. Oili yoyote utakayoiweka itapita kwenye tope hilo.

La pili ni springi. Klachi hii ina springi nne. Tulipozisimamisha kando ya mpya, zangu zilikuwa fupi kwa karibu milimita mbili. Springi fupi inabana pleti kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo oili ya gari iliikuta klachi ambayo tayari imechoka, na nakiri kwamba yenye springi nzima ingevumilia zaidi. Lakini isingeshinda.

La tatu lilinigusa zaidi. Hausingi ya klachi, kile kikapu cha aluminiamu ambacho pleti hukaa ndani yake, ina vidole ambavyo masikio ya pleti huteleza katikati yake. Kila kidole kilikuwa na vijishimo, kama ngazi, palipogongwa na masikio ya pleti miaka yote. Ukivuta mkono wa klachi, pleti zinatakiwa ziachane. Zangu zilikuwa zinanasa kwenye vijishimo, kwa hiyo hata ukivuta mpaka mwisho klachi inaburuta kidogo. Na klachi ikiburuta, nyutro haipatikani na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo.

Maana yake malalamiko yangu ya tarehe 4 Mei hayakutokana na oili. Oili ile telezi ilipunguza kishindo kwa sababu kila kitu kilikuwa kinateleza, klachi ikiwemo.

Kuitoa hausingi kunahitaji spana ya meno manne kwa ile nati ya mviringo. Fundi wangu ametengeneza yake kwa kukata kipande cha bomba na kuacha meno manne mwishoni. Inafanya kazi vizuri, na ni salama kuliko patasi na nyundo nilizoona zikitumika mahali pengine. Tulipiga tupa laini kila kidole mpaka vijishimo vikapotea, tukijitahidi kuondoa kiasi kile kile kila upande. Ukiondoa zaidi upande mmoja, pleti chache zitabeba kazi ya zote. Vijishimo vikiwa virefu kuliko nusu milimita nisingepiga tupa, ningenunua hausingi nyingine.

Pleti za gundi (zile tano za Mei), zenye kilomita 205, tuliziloweka kwenye petroli saa nzima, tukazifuta, tukazikwaruza kwa msasa laini juu ya kioo. Pleti za chuma nazo zikapigwa msasa mpaka mng'aro ukaisha. Pleti iliyoungua, yenye nyufa au harufu kali, msasa hauiokoi. Zangu zilikuwa zimeloa tu. Kabla ya kufunga tulizipaka zote oili mpya. Pleti kavu zikiwashwa bila oili huungua dakika za kwanza.

Nilinunua 20W-50 yenye JASO MA, lita mbili: moja ya kusafishia, itakayokaa kilomita 300 na kumwagwa, na nyingine ya kubaki. Kwa kuwa injini ilikuwa imefunguliwa na kukauka, ilichukua lita moja na kidogo. Kwa kumwaga tu, mililita 900 zinatosha. Kijiti cha kupimia kwenye CG unakichomeka bila kukifunga nyuzi. Ukikifunga kinazama zaidi, utadhani oili ipo kumbe imepungua.

Springi 6,000, gasketi 3,000, oili 22,000, petroli 3,300, fundi 15,000. Jumla 49,300.

15 Juni, km 32,430

Kilomita mia za kwanza bado iliteleza kidogo sana kwenye gia ya nne, kisha ikaacha. Nadhani mabaki ya oili ya zamani yalikuwa yanatoka kwenye pleti. Leo nimemwaga ile ya kusafishia na kuweka ya kubaki. Nyutro ya moto inapatikana kwa kidole cha mguu.

Nimepanda Isyonje na debe nne, gia ya tatu, mwinuko ule ule. Resi na spidi vilipanda pamoja. Nilisimama juu nikagusa kifuniko cha klachi kwa mgongo wa mkono: joto la kawaida, harufu hakuna.

29 Juni, km 33,010: Baridi

Anayeijua Uyole mwezi wa Juni anaelewa. Saa kumi na moja alfajiri mvuke unatoka mdomoni, na 20W-50 inamwagika kama asali. Wiki hii kila asubuhi nikipiga kiki, nikivuta klachi na kuweka gia ya kwanza, pikipiki inaruka mbele au inazima. Baada ya dakika tano za moto, tatizo linaisha.

Safari hii hakuna kilichoharibika. Oili nzito iliyopoa inazigandisha pleti kama mikono miwili iliyopakwa gundi. Dawa ya bure: kabla ya kuwasha, weka gia ya pili, vuta klachi mpaka mwisho, isukume pikipiki mbele na nyuma mara tatu nne mpaka uisikie imeachia. Rudisha nyutro, piga kiki.

Nikaanza kuuliza maana ya namba. Ile yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na ikiwa ndogo inaamka mapema. Namba ya mwisho inaeleza uzito wake ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 10W-40 ingenifaa asubuhi. Swali langu lilikuwa kama 40 itavumilia mlima mchana, na je, inapatikana ikiwa na MA?

Nilizunguka Mwanjelwa maduka saba ya spea. Karibu yote yana 20W-50. 10W-40 ya pikipiki niliikuta mawili tu. Muuzaji mmoja alinipa chupa akaniapia kwamba ni MA2 kwa kuwa ina picha ya pikipiki mbele. Picha si alama. Nyuma ya chupa tafuta kisanduku kidogo chenye msimbo wa herufi na namba, pamoja na daraja: MA, MA1 au MA2. Chupa yenye maneno tu bila kisanduku inaweza kuwa nzuri, ila hapo unaliamini neno la kiwanda. Angalia pia pete ya mfuniko kama imekatwa. Chupa tupu zinanunuliwa mitaani, na sidhani zote zinakwenda kuwekwa mafuta ya taa.

6 Julai: AG100 ya mzee

Jirani yangu ni bwana shamba mstaafu, na mpaka leo anaendesha Yamaha AG100, ile ya viharusi viwili (two-stroke) yenye cheni iliyofunikwa. Alisikia habari za klachi yangu akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Hebu niambie, hii yangu naiweka tisini ya giaboksi siku zote, nzito, inalinda gia. Wewe unataka kuweka arobaini. Huogopi?"

Swali zuri, na nimelisikia kwa mafundi wengi. Kwenye AG100 kweli kuna oili ya gia ya peke yake. Injini inalainishwa na oili ya viharusi viwili inayoungua pamoja na petroli, na gia zina oili yao chini. Ila 90 hiyo haiko kwenye ngazi moja na 40 au 50 ya injini. Ni vipimo viwili tofauti. Kwa nyuzi 100, oili ya gia namba 90 ina mnato wa sentistoksi 13.5 hadi 18.5. Ya injini namba 40 ni 12.5 hadi 16.3, na namba 50 ni 16.3 hadi 21.9. Maana yake tisini ya gia inakaa katikati ya arobaini na hamsini za injini. Mzee alinyamaza, akaniomba nirudie, akaziandika kwenye daftari lake.

Tatizo la tisini yake lilikuwa jingine: kopo limeandikwa GL-5. Hiyo ni ya difu za magari, ina viongezo vingi vya salfa na fosforasi kwa ajili ya meno yanayosagana kwa mgandamizo mkubwa. Viongezo hivyo vikipata moto vinaweza kula shaba na bronzi, na giaboksi nyingi zina bushi za madini hayo. Na klachi ya AG100 nayo inaogelea humo humo. Tulimwaga, tukaweka 10W-40 yenye MA kufuata alama ya ujazo. Haiguswi na masizi ya injini, kwa hiyo itakaa muda mrefu kuliko yangu.

Iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia. Mzee anavuka mto kila wiki. Nilimwambia pia aangalie kitu kimoja kwenye viharusi viwili: oili ya gia ikipungua bila kuvuja chini, huku moshi ukizidi kuwa mzito, sili ya kranki upande wa klachi imekufa na injini inainywa oili ya gia. Yake haipungui. Alinipa mkungu wa ndizi na "ndaga fijo" (asante sana) mbili.

27 Julai, km 33,850: 10W-40, na kipimo cha nyumbani

20W-50 imefanya kilomita 1,420. Kuanzia kama 1,300 gia zilianza kuwa ngumu tena, hasa kutoka ya pili kwenda ya tatu. Nilihofia hausingi, lakini nyutro bado inapatikana ikiwa moto, na injini ikilia resi inavuta. Nikashuku oili imepungua uzito.

Kuna sababu ya kushuku. Oili ya namba mbili, kama 20W-50, hupata namba yake ya juu kwa msaada wa viongezo vyenye nyuzi ndefu sana zinazokunjuka kwenye joto. Meno ya gia yanazikata nyuzi hizo kama mkasi. Injini ya gari haina gia ndani ya oili yake, kwa hiyo inazikata polepole. Ya pikipiki inazikata kila unapokwenda.

Kupima nilitumia chupa ya maji iliyotobolewa tundu la msumari mdogo kwenye mfuniko, na kikombe chenye alama ya mililita 50, nikahesabu sekunde za oili kuifikia alama. Kwa kuwa chupa ya lita moja hubakiza mililita 100, nilikuwa nimeitunza iliyobaki ya 20W-50 mpya. Zote mbili zilikaa chumba kimoja usiku kucha ziwe na joto moja. Bila hivyo kipimo hakina maana. Mpya ilichukua sekunde 62. Yenye kilomita 1,420 ilichukua 47.

Petroli ikivuja kutoka kabureta nayo huipunguza oili uzito. Nilinusa kwanza. Yangu haikuwa na harufu ya petroli na kimo chake hakikupanda, kwa hiyo nayalaumu meno ya gia.

Leo nimeweka 10W-40 yenye MA2, nusu sintetiki, shilingi 26,000. Wosha ya shaba ya nati ya kumwagia 500. Oili chafu zote nazihifadhi kwenye kidumu, napeleka kwenye pipa la fundi. Kuna watu wanapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, sawa, lakini tusimwage kwenye mtaro. Maji ya mtaro wetu yanaishia kwenye bustani za mboga.

21 Septemba, km 36,050

Kilomita 2,200 kwa 10W-40. Alfajiri za Agosti pikipiki haikuruka hata mara moja. Mlima haikuteleza, pamoja na siku moja niliyopakia debe tano kwa lazima. Ugumu wa gia ulianza kunijia kwa mbali kwenye kilomita 2,000.

Kipimo cha chupa: mpya sekunde 36, iliyotumika 30. Imepungua moja ya sita, wakati 20W-50 ya kawaida ilipungua karibu robo kwa umbali mfupi zaidi.

Upande wa fedha, 20W-50 ya 11,000 kwa kilomita 1,400 ni kama shilingi 8 kila kilomita. 10W-40 ya 26,000 kwa kilomita 2,200 ni kama 12. Shilingi nne kwa kilomita, kwa mtu anayetembea kilomita elfu moja na mia kwa mwezi, ni 4,400. Miezi ya baridi nazilipa bila kusita. Oktoba hadi Desemba, alfajiri ikiwa na joto, sioni sababu. Kwa mwenye kazi Chunya au Kyela, ambako hakuna baridi ya kwetu, ningemwambia aweke 20W-50 yenye MA mwaka mzima na fedha inayobaki abadilishe mapema.

Leo nimerudisha 20W-50, kopo jipya la aina ile ile. Nimefungua tena kikombe cha kranki: uchafu mwembamba kama karatasi tu.

26 Oktoba, km 37,460

Kilomita 1,410. Ugumu wa gia ulianza kwenye 1,350, karibu pale pale pa Julai. Nimemwaga, nimeweka nyingine, 11,000. Kipimo: mpya 55, iliyotumika 42. Sekunde zote ni chache kuliko za Julai kwa kuwa chumba kina joto zaidi, lakini pengo ni lile lile, karibu robo.

Klachi haijaguswa tangu 8 Juni. Pleti ni zile nilizoziosha kwa petroli. Waya nimeukaza mara moja, nusu mzunguko. Wale wenzangu wawili niliowasifia 5W-30 mwezi Mei, mmoja alikuwa hajaiweka. Wa pili alikuwa ameiweka, akaimwaga siku niliyompigia, kilomita 90. Klachi yake haikuteleza. Lita niliyomlipa badala yake nimeiandika kwenye gharama za mradi, 11,000.